Disketi Hairudi Tupu

Nyumbani kwetu Buruburu, chombo cha mtu hakikurudishwa kitupu. Ukiazima ungo wa jirani, unaurudisha na vitunguu viwili ndani yake. Ukiletewa maandazi kwenye bakuli, bakuli lile linarudi na ndizi, au mayai, au hata chumvi ikiwa mwezi umefika pabaya. Mimi ndiye niliyekuwa tarishi wa mabakuli hayo tangu utotoni, na nilikuwa nimeyachoka. Kulikuwa na moja la bati, lenye maua mekundu, lililozunguka kati yetu na nyumba ya mkabala miaka mingi hata hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nani. Nilimwuliza Mama kwa nini tusilirudishe tupu mara moja tu, mambo yaishe. Aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"Ni ndugu tu anayeweza kukurudishia chombo kitupu," alisema. "Mwingine akifanya hivyo, jua hakupendi."

Na kweli, dada yake aliyekaa mtaa wa Fedha alikuwa akiturudishia sufuria tupu, mara nyingine bila hata kuziosha, na Mama alizipokea huku akicheka.

Desturi ya pili ilikuwa kuonja. Ukiletewa kitu, unaonja papo hapo mbele ya aliyekileta, hata kama umeshiba. Kukiweka kando ni kumwambia mwenzio kwamba huuamini mkono wake.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu watu wakisimulia jinsi kompyuta zilivyougua miaka ile, huwalaumu vijana wa ng'ambo waliotunga virusi. Sikatai, vijana hao walaaniwe. Lakini virusi havina miguu. Huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, vilitembezwa na watu wazuri, wenye adabu zao, waliolelewa vyema na mama zao.

Mama alikuwa sekretari katika wizara moja mjini hadi serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, katikati ya miaka ya tisini. Badala ya kununua ng'ombe na kurudi Machakos, kama alivyoshauriwa na kila mjomba mwenye mdomo, alinunua kompyuta na printa. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alijenga chumba kidogo kando ya lango, kama majirani wengi walivyokuwa wakijenga. Wengine waliuza mkate, wengine walisuka nywele, sisi tukapiga chapa.

Kompyuta ile ilitunzwa kuliko mgonjwa. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa kukawekwa kingine cha kukilinda kile cha kwanza. Mlangoni Mama alibandika karatasi: VUA VIATU. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta huharibiwa na vumbi, na kichwani mwake virusi na vumbi walikuwa watu wa ukoo mmoja. Wateja waliingia na soksi, wengine vidole vikichungulia, wakakaa kwenye benchi kwa unyenyekevu kama walio kanisani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kusomea kompyuta mjini, kwa hiyo nilijiona profesa. Nilimwambia Mama virusi haviji kwa viatu, vinakuja kwa disketi, vile visahani vya plastiki vya mraba ambavyo watu walihifadhia kazi zao.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Basi vua viatu."

Kilichompa Mama jina mtaani ni ratiba ya harusi. Aliibuni mwenyewe: njiwa wawili juu, pete mbili katikati, na ukingo wa maua ambao ulimchukua jioni nyingi na miwani miwili, yake na ya Baba. Harusi ya kwanza kuitumia ilifanyika kanisani kwetu, na watu walitoka na ratiba zile kifuani kama vyeti. Baada ya hapo kila bi harusi alitaka njiwa. Wenye kompyuta kazini walikuja kuazima disketi yenyewe wakachapishe huko, na Mama, asiyeweza kumnyima mtu hata kiberiti, aliwaazima.

Nayo ilirudi, lakini haikurudi tupu. Mhasibu mmoja aliirudisha akiwa ametia ndani mchezo wa nyoka anayekula matunda. Mama mchungaji alitia picha ya waridi. Mwalimu wa kwaya, kuelekea Krismasi, alirudisha disketi nyingine aliyoazima akiwa ametia mti wa Krismasi uliowaka taa nyekundu na kijani kwenye skrini. "Nimekutilia kitu kidogo," kila mmoja alisema, kwa sauti ileile ya mtu anayerudisha bakuli. Na Mama alionja. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua zawadi mbele ya mwenyewe, akapiga makofi, akasema, "Ai, mrembo hivi!" Halafu akauhifadhi mti ule ndani ya kompyuta, kwa heshima ya mwalimu.

Mimi nilisimama nyuma nikiuma meno. Mgeni avue viatu lakini disketi ipite na matope yake! Nilimwambia hivyo, na akanijibu kwamba sikufundishwa kukaa na watu.

Wakati huo dada yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa na kijana wa mtaa wa Lucky Summer, wazazi wake watu wa Magharibi mwa Kenya. Mkutano wa kwanza wa familia mbili ulikuwa wa adabu kupita kiasi. Walikula choroko zetu, tunazoziita ndengu, wakazisifu, wakaongeza, na nyusoni nikaona kabisa wanajiuliza kuku yuko wapi, maana kwao mgeni wa heshima huchinjiwa kuku. Mama alitaka sana watupende. Dada alikuwa binti yake wa kwanza, anakwenda kukaa na watu ambao hatukujua hata lugha yao, na Mama aliamini kwamba jinsi wakwe watakavyotupokea sisi ndivyo watakavyomshika binti yetu. Usiku alisali kwa sauti kuhusu jambo hilo, na ukuta wa chumba chetu ulikuwa mwembamba.

Kwa bahati, mama wa kijana huyo naye alikuwa sekretari, katika shule moja ya mtaa wa Baba Dogo. Tulimwita Mama Bwana Harusi. Aliomba disketi ya ratiba apeleke kazini kwake aongeze majina ya upande wao, na Mama akampa kwa mikono miwili. Aliirudisha yeye mwenyewe, akavua viatu bila kuambiwa, akasema maneno niliyokuwa nikiyaogopa.

"Mama Bi Harusi, nimekutilia kitu kidogo."

Ulikuwa mchezo wa matofali yanayoanguka kutoka juu, unayapanga yasijae. Mama aliuonja palepale, na mgeni akamwelekeza akiwa nyuma ya bega lake. Walicheza wale mama wawili hadi chai ikapoa. Sijawahi kumwona Mama amefurahi vile na mtu asiye wa ukoo wetu.

Wiki ya harusi ikafika. Jumanne asubuhi Mama alifungua ratiba ili aichapishe, na jina la dada yangu likaanguka.

Sisemi kwa mafumbo. Herufi ya kwanza ya jina lake ilitikisika, ikateleza hadi chini ya skrini, ikalala. Ikafuata ya pili. Kisha jina la bwana harusi, kisha mchungaji, kisha wimbo wa kuingilia, yote yakiporomoka na kurundikana chini kama maharagwe yaliyomwagika. Mama alitazama akiwa ametabasamu.

"Ona Mama Bwana Harusi alivyo mjanja," alisema. "Mchezo wake sasa unachezwa hata na herufi!"

"Mama, huo si mchezo."

Tulizima, tukawasha. Herufi zikaanguka tena. Tulipojaribu kufungua faili la njiwa kwa mara ya tatu, lilikataa kabisa. Tabasamu lilimtoka Mama polepole. Dada yangu alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akaangalia skrini.

"Hiyo ni nini? Majina yetu yako wapi?"

"Ni virusi," nilisema, na ninakiri nilisema kwa raha kidogo. "Vimetoka kwa wakwe zako. Ule mchezo wa matofali."

"Manze, usianze," dada alinijibu kwa Sheng yake ya mtaani.

"Nani mwingine ametuletea kitu juzi?"

"Nyamaza!" Mama alisema, na aligeuka kutazama dirishani kana kwamba wakwe wamesimama nje. "Mtu amekuletea zawadi kwa moyo safi, wewe unasema amekuletea ugonjwa? Wiki ya harusi?"

Baba aliporudi alielezwa, akavua kofia, akakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa mizaha.

"Kuna jambo hamjaliwaza," alisema. "Herufi zinaanguka zenyewe, bila kuguswa, nyumbani kwa Mkamba, jina la bi harusi likiwa la kwanza. Mnafikiri watu wa Magharibi wakisikia watasema ni kompyuta?"

Hakuna aliyecheka. Nairobi nzima hututania sisi Wakamba kwamba tuna uchawi, na ni utani tu mpaka siku kitu kiharibike. Dada yangu alianza kulia. Alisema wakisikia hayo hawatamwita mke wa mtoto wao, watamwita mchawi, na kila mtoto akikohoa yeye ndiye atakayetazamwa. Nilimhurumia sana, na nikawakasirikia wakwe ambao walikuwa bado hawajasema lolote.

Nilizikusanya disketi zote za Mama katika mfuko wa karatasi, nikazipeleka mjini kwa mwalimu wangu wa kompyuta, aliyekuwa na programu ya kusaka virusi. Alizitia moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimeugua, pamoja na ile aliyorudisha mwalimu wa kwaya.

"Hii ya kwaya ilitumika lini mara ya mwisho?" aliniuliza.

"Krismasi. Mama aliiweka kabatini kwa ajili ya mwaka huu."

"Basi ugonjwa mmekuwa nao tangu Krismasi. Kirusi cha aina hii hulala kimya kwenye kompyuta miezi mingi, kisha huamka siku kiliyopangiwa na aliyekitunga."

Nilihesabu miezi kwa vidole. Kama ugonjwa tulikuwa nao tangu Krismasi, basi disketi ya ratiba ilikwenda Lucky Summer ikiwa mgonjwa tayari. Yule mama, kwa adabu, bila shaka alionja nyoka na waridi na kila alichokikuta ndani. Hakuwa ametuletea virusi. Sisi ndio tuliompelekea, kwa mikono miwili, na kompyuta aliyoitumia ilikuwa ya shule.

Nilipomweleza Mama, alikaa kwenye kiti chake cha kazi akashika kichwa. Kisha akasimama, akachukua kiondo kipya, akakijaza ndengu.

"Tunaenda kuwaambia," alisema.

"Mathe, tafadhali!" dada yangu alimshika mkono. "Harusi ni Jumamosi. Waambie baada ya harusi."

"Baada ya harusi utakuwa wao. Nataka wajue leo, ukiwa bado wangu, ili wakinikasirikia wanikasirikie mimi."

Dada aliuachia mkono wake. Nilivaa viatu nikamfuata Mama.

Lucky Summer tulipokewa kwa vigelegele na kuku. Nasema vigelegele na kuku kwa sababu vilikuja pamoja. Nadhani nyumba ile walikuwa na kuku aliyekaa tayari kwa lolote. Na huwezi kutoa habari mbaya kabla ya kula, kwa hiyo tukala. Mama alisifu ugali. Mama Bwana Harusi alisifu kiondo. Mama aliuliza habari za shambani, mwenzake akauliza habari za mvua ya Machakos, na mimi nikaona jambo la ajabu: yule mwenyeji hakuwa akila. Alikuwa akimegamega ugali na kuurudisha. Mumewe, mzee mnene wa kiwandani mwenye sauti ya spika, alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho.

Tuliponawa mikono, wale mama wawili walianza kwa pamoja.

"Mama Bwana Harusi, kuna jambo..."

"Mama Bi Harusi, nina neno..."

Kila mmoja akamwambia mwenzake aanze. Walisukumana hivyo kwa adabu mpaka nikadhani nitapiga kelele, halafu mwenyeji akashindwa, akaanza kutokwa na machozi.

"Nimekuletea ugonjwa," alisema. "Ile zawadi yangu. Kompyuta ya shule Jumanne ilianza kuangusha maneno, mitihani yote chini, puu! Nikajua na yako imeshaanguka. Nimekuharibia kazi, wiki ya harusi ya mtoto wetu. Sijalala."

"Jumanne?" Mama aliuliza.

"Jumanne asubuhi."

"Na kwetu Jumanne asubuhi. Dada, si wewe. Ni mimi niliyekuletea. Tumekuwa nao tangu Krismasi."

Niliwaeleza jinsi kirusi kinavyolala na kuamka siku moja kila mahali. Nilieleza vizuri, kwa kweli, na hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mzee alikuwa amepiga paja lake kofi kubwa.

"Kumbe!" alinguruma. "Na mimi nilikuwa nimeshamwambia huyu kwamba ni Wakamba!"

Mama Bwana Harusi alimtazama mumewe kwa namna ambayo sitaki kutazamwa na mtu maishani mwangu. Mzee mwenyewe alibaki mdomo wazi, akiona neno limeshatoka na halirudi. Mimi nilitazama mlango.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda mabega, akajishika mbavu. "Mume wangu alisema utasema hivyo!" alimwambia mzee. "Alisema hivyohivyo!" Mzee akaanza kucheka kwa ile spika yake, mkewe akafuata huku bado machozi yanamtoka, na nikajua dada yangu yuko salama. Nilitamani angekuwepo aone.

Ikabaki ratiba. Njiwa walikuwa wameliwa na virusi, kompyuta mbili zilikuwa mahututi, lakini pale ndani walikuwemo masekretari wawili wa siku nyingi. Ijumaa walikutana shuleni, wakaomba mashine ya kurudufu ya mitihani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mama alipiga chapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, mwenzake akazungusha mpini, wino ukawapaka hadi viwiko. Ukingo wa maua waliuacha. Njiwa waliletwa na Baba, ambaye babake alikuwa mchongaji na aliyejidai kwamba mkono huo umo katika damu. Alikwaruza njiwa wawili juu ya stensili kwa kalamu ya chuma, ulimi nje.

Damu ilikuwa imekauka. Walitoka wanene, vifua mbele, miguu mirefu. Hakuna aliyethubutu kumwambia, na karatasi zilikuwa zimeshachapwa.

Jumamosi kanisani, upande wa bwana harusi walipokea ratiba zile, wakatazama, wakaonyeshana. Mnong'ono ulipita benchi hadi benchi. Shangazi mmoja mwenye kitenge cha buluu alisimama kabisa, akainua karatasi yake juu.

"Wametuchorea kuku!" alisema. "Hawa watu wanatuheshimu!"

Walipiga vigelegele kabla bi harusi hajaingia. Baba aliinama kutafuta kitu chini ya benchi, na hadi leo hajasema kama wale walikuwa njiwa au kuku.

Kompyuta ilisafishwa, Mama akabuni njiwa upya, na mambo yakabadilika. Nilimwonyesha kidirisha kidogo kilicho pembeni mwa disketi, ambacho ukikisogeza hakuna kinachoweza kuandikwa ndani yake. Tangu siku hiyo kila disketi iliyotoka kwetu ilitoka imefungwa. Wateja wengine waliudhika, wakaona wamefungiwa mlango, mpaka Mama alipoweka kiondo karibu na benchi, kwamba mwenye shukrani atie humo. Tulikula sukuma wiki ya bure, na maembe, na mara moja sungura. Ile karatasi ya VUA VIATU aliiacha mlangoni.

Miezi kadhaa baada ya harusi, Mama Bwana Harusi alikuja kuazima ratiba kwa ajili ya mpwa wake. Mama alichukua disketi, akakirudisha kidirisha ili iweze kuandikwa tena, nikiona, akampa. Nilimkonyeza, nikakohoa, nikamkanyaga mguu. Hakunijali.

Ilirudi baada ya wiki. Mama Bwana Harusi aliinama mlangoni, mkono mmoja umeshika disketi, mwingine unafungua kamba za viatu. Hakuwa na mfuko, hakuwa na ndizi, hakuwa na chochote.

"Sijakutilia kitu," alisema.

Mama aliingiza disketi kwenye kompyuta na sote tukatazama. Kulikuwa na njiwa, pete na maua, kama vilivyotoka. Hapakuwa na mchezo, wala picha, wala salamu. Mama alikaa akiitazama skrini ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wewe, mtilie dada yangu chai," aliniambia. Kisha akamtazama yule mama aliyekuwa bado ameinama mlangoni. "Na wewe, unavua viatu kwa nini? Ingia."